Upimaji wa Volteji Karibu na Elektrodi katika Tao la Umeme

Tao la umeme, kama lile linalotumika kuchomelea vyuma, hupitisha mkondo katika plazima, yaani gesi yenye elektroni na ioni huru. Voltimita iliyounganishwa kwenye elektrodi mbili huonesha jumla ya volteji tu. Haioneshi jinsi inavyogawanyika ndani ya tao. Makala haya yanaeleza namna mgawanyo huo unavyopimwa na mipaka ya vipimo vyenyewe.

Volteji haishuki kwa usawa. Katikati ya tao hushuka polepole, lakini karibu na kathodi na anodi hushuka ghafla katika matabaka membamba sana. Mshuko huo una uzito kwa sababu unachangia sehemu kubwa ya joto linalozila elektrodi.

Njia ya kwanza ni kubadili urefu wa tao bila kubadili mkondo. Mwaka 1902 Hertha Ayrton wa Uingereza alichapisha kitabu kilichoonesha kuwa, kwa vijiti vya kaboni, volteji huongezeka kwa mstari mnyoofu kadiri tao linavyorefuka. Mstari huo ukiendelezwa hadi urefu sifuri, kinachobaki ni mshuko wa elektrodi zote mbili. Kwa mujibu wa mlinganyo wake, tao la milimita 5 na ampea 10 huhitaji takribani volti 56. Kati ya hizo, volti 40 hivi ni za elektrodi.

Hata hivyo, njia hiyo hutoa jumla bila kutenganisha kathodi na anodi. Ili kuzitenganisha, Ayrton aliingiza kijiti cha tatu ndani ya tao. Katika miaka ya 1920, Irving Langmuir na Harold Mott-Smith waliweka nadharia ya waya wa kupimia: volteji ya waya hubadilishwa, mkondo wake husomwa, kisha joto na msongamano wa elektroni hukokotolewa.

Katika tao la kanieneo ya hewa ya kawaida, waya hupitishwa kwa kasi usije ukayeyuka. Aidha, tabaka la chaji lililogusana na elektrodi huwa jembamba kuliko mikromita moja, hivyo waya hauwezi kuingia humo.

Kwa hiyo, mshuko wa volteji karibu na elektrodi hukadiriwa kutokana na vipimo vya nje ya tabaka hilo. Tarakimu yake haina budi kuambatana na dhana iliyoizaa, hususani ile kwamba matabaka hayabadiliki tao linaporefushwa.