Pambo la Bakuli na Jicho la Mlaji

Aghalabu mtu anunuapo sahani hulitazama ua lililochorwa juu yake asiulize limewekwa kwa ajili ya jicho la nani. Na hilo ndilo swali la kwanza linalompasa kila fundi atakaye kupamba vyombo vya udongo vya meza za fahari. Kisiwani Pemba, ambako Yakut, mwanajiografia wa karne ya 13, aliandika kuwa kuna miji miwili, Mtambwe na Mkumbuu, swali hilo limekwisha kujibiwa na wafinyanzi wa zamani, na majibu yao yamelala ardhini.

Huko Tumbe, kaskazini mashariki ya kisiwa, palikuwa na mji mkubwa baina ya karne ya 7 na ya 10, na jirani yake, Chwaka, ulistawi mji mwingine tangu karne ya 11. Wataalamu wa mambo ya kale Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walipochimba pahala hapo mwanzoni mwa karne hii, walikuta vigae vingi mno vya vyungu vilivyofinyangwa papo hapo, vimechorwa pembetatu na mistari ya kukatana shingoni na mabegani. Walikuta na vipande vya vyombo vilivyovuka bahari. Chakula nacho kilibadilika: watu wa Tumbe walitegemea uwele, ilhali Chwaka mpunga ulizidi kupata nafasi, na bakuli, chombo cha kuandalia, ikazidi kutukuka. Fleisher ameeleza kuwa karamu zilikuwa njia mojawapo ya wakubwa wa pwani kujipatia jaha, na vyombo vya kuandalia vilikuwa sehemu ya jaha hiyo.

Hapo pana siri ya kazi ya kupamba. Chungu cha kupikia na mtungi wa maji hutazamwa kwa nje, na mtu aliyesimama au apitaye kando. Ndiyo sababu nakshi zake hukaa shingoni. Bakuli hutazamwa kwa ndani, na mtu aliyeketi akaiinamia. Mafundi wa nchi za Ghuba walilijua jambo hilo: walikipaka chombo udongo mweupe mwororo, wakauchora kwa ncha kali hata wekundu wa chini ukajitokeza, kisha wakakifunika kwa utando wa kioo, na uzuri wote ukawa upande wa mlaji. Watu wa pwani walivithamini vyombo vyenye utando wa kioo vilivyovuka bahari hata wakavipachika katika mihrabu na katika makaburi ya nguzo.

Njia ya ufinyanzi wa pwani, ambao zaidi ni kazi ya wanawake, huanza kwa kumtazama mama au shangazi. Mwanafunzi huujua udongo kabla ya kuijua nakshi: huuponda, huutoa vijiwe, huuchanganya na mchanga usije ukapasuka motoni, huufinyanga kwa mikono bila gurudumu, na huusugua kwa kombe au kijiwe mpaka ung'ae. Kuchora kuna wakati wake, udongo ukiwa si mbichi wala si mkavu, kwani ukiwahi mistari hufumbika, na ukichelewa kingo humeguka. Kisha vyombo huchomwa uwanjani kwa kuni na makuti.

Lakini moto wa uwanjani kwa kawaida haufiki nyuzi 1,000, na chombo chake hunyonya maji. Sifa hiyo huupoza mtungi, nayo huiharibu sahani, ambayo hunywa mafuta na mchuzi na kubaki na harufu. Kwa hiyo fundi atakaye kuuza kwa mahoteli hana budi kujifunza tanuri na utando wa kioo. Rangi zake hutoka katika madini: chuma hutoa hudhurungi, shaba kijani, na kobalti buluu, ile buluu ambayo Wachina wa karne ya 14 waliagiza madini yake kutoka Uajemi. Na ahadhari na risasi: utando wenye risasi huweza kuiachia sumu hiyo katika chakula chenye ukali, na ni jiko gani la Pemba lisilo na ndimu wala ukwaju?

Baada ya hayo hurudi swali la jicho. Sinia ya wali inayoliwa na watu wengi huficha kitovu chake hata mwisho wa mlo, basi ukingo ndio unaobeba pambo. Sahani ya hoteli, ambayo mpishi huweka kipande cha samaki katikati na kuacha nafasi tupu pembeni, hutaka pambo lisiloshindana na chakula. Asiyejua tofauti hiyo atachora vizuri na kuuza vibaya. Madhali mafundi wa kale waliipanga nakshi kwa kadiri ya ulaji wa watu wao, fundi wa leo naye, kabla ya kushika kalamu ya kuchorea, na amuulize mpishi ataandaa nini, kiasi gani, na mlaji atakuwa ameketi wapi.