Mshahara Mkubwa, Mfuko Mtupu

Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya mishahara midogo, na tutaendelea kuzungumza mpaka iwe mikubwa. Leo tunataka kuzungumza juu ya mwenzetu anayelipwa vizuri. Labda mtauliza: huyo naye ana shida gani? Ana shida, na shida yake inatuhusu sisi sote, kwa sababu tuliiona mkutanoni.

Katika kiwanda kimoja cha sukari mashariki mwa Uganda tuliitisha mkutano wa tawi juu ya nyongeza ya mshahara. Mazungumzo na mwajiri yalikuwa yamekwama. Wanachama waliulizwa kama wako tayari kusimamisha kazi endapo hatua zote za sheria zitashindikana. Wakata miwa walinyosha mikono. Wapakiaji wa magunia walinyosha. Akina mama wa palizi, ambao mshahara wao ndio mdogo kuliko yote, walinyosha mikono yote miwili. Mtu mmoja mikono yake ilibaki magotini. Huyo alikuwa fundi wa vinu vya miwa, mtu tuliyemtegemea awe msemaji wetu, maana asipokuwapo yeye vinu havizunguki. Hapa tutamwita Fundi.

Baada ya mkutano tulimfuata tukamwuliza. Akajibu kwa sauti ya chini: "Ndugu zangu, mimi simwogopi meneja. Ninaogopa mwisho wa mwezi. Mshahara ukikosa kuingia mara moja tu, gari linachukuliwa na watoto wanarudishwa kutoka shuleni."

Tulishangaa. Mkata miwa asiye na akiba yoyote alikuwa tayari kwa mapambano, na mwenye mshahara mara kadhaa zaidi yake amefungwa mikono. Meneja hakuwa na haja ya kumtisha. Madeni yalikwisha kumfanyia kazi hiyo.

Tulikubaliana kwenda kwake siku ya Jumapili.

Hati mbili mezani

Mke wa Fundi naye ni mfanyakazi. Yuko katika maabara ya kiwanda hicho hicho, anapima utamu wa maji ya miwa. Tuliwaomba jambo moja tu: kila mmoja alete hati yake ya mshahara aiweke mezani. Walitazamana. Walikuwa wameoana miaka kumi na saba na hawajawahi kuonyeshana hati hizo.

Baada ya kodi na makato mengine, Fundi alikuwa anapeleka nyumbani shilingi 1,200,000 kwa mwezi, na mkewe 800,000. Jumla ni 2,000,000. Katika mtaa wao hiyo ni nyumba ya watu wenye nafasi. Tukachukua daftari la shule la mtoto, tukaandika matumizi ya mwezi kama wao wenyewe walivyoyataja:

Chakula: 450,000/=
Kodi ya nyumba: 250,000/=
Ada za watoto watatu: 525,000/=
Deni la gari: 380,000/=
Mafuta ya gari: 200,000/=
Wazazi na ndugu: 150,000/=
Michango ya harusi na misiba: 100,000/=
Umeme, maji na makaa: 90,000/=
Simu: 70,000/=
Bia na nyama ya kuchoma: 180,000/=

Jumla ilifika 2,395,000. Yaani kila mwezi nyumba hii ilikuwa inatumia shilingi 395,000 ambazo haina. Fundi alijumlisha mara tatu, maana alidhani tumekosea. Kila siku alikuwa anasema, "Sijui fedha inakwenda wapi." Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa habari ilikuwa imepatikana.

Angalieni hiyo ada. Fundi alisema kwanza kwamba ada si matumizi ya mwezi, kwa sababu inalipwa mara tatu kwa mwaka. Hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Watoto wake watatu walikuwa katika shule ya bweni, kila mmoja 700,000 kwa muhula, jumla 2,100,000. Mihula mitatu ni 6,300,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa miezi kumi na miwili unapata 525,000. Muhula wa kwanza huanza mwezi wa pili kila mwaka, wala haujawahi kuja kwa ghafla kama mvua ya mawe. Lakini kila mwezi wa pili Fundi alikuwa anashtuka kama mtu aliyevamiwa usiku.

Pengo lilizibwa na nini?

Lilizibwa kwa kukopa unga na mafuta dukani, kwa kulipa ada nusu, na kwa wakopeshaji wawili. Wakopeshaji hao walikuwa wanamdai jumla ya 1,600,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Riba peke yake ilikuwa 160,000 kila mwezi, nayo haimo katika orodha ile. Alikuwa analipa riba, na deni liko pale pale kama jiwe mtoni.

Mmoja wa hao wakopeshaji alikuwa anashika kadi ya benki ya Fundi pamoja na namba yake ya siri. Siku ya mshahara anayetangulia kwenye mashine ni mkopeshaji. Mwenye jasho anapata kinachobaki. Ndugu zetu wa Uganda, jueni kwamba sheria ya mwaka 2016 inayosimamia wakopeshaji wa fedha inawataka wawe na leseni, na inawakataza kushika kitambulisho chako cha taifa, kadi yako ya benki au namba yako ya siri kama dhamana. Anayekudai hivyo anavunja sheria. Njoo na jambo hilo tawini, usilifiche kwa aibu.

Tena lilitokea jambo lililotufundisha sana. Mke wa Fundi alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba katika ile fedha ya chakula, 50,000 alikuwa anaiweka katika upatu wa wanawake kumi na wawili, bila mumewe kujua. Alificha kwa sababu aliona kila kinachoonekana kinaliwa. Kwa hiyo katika nyumba moja, mke alikuwa anaweka akiba kwa siri, na mume anakopa kwa riba kwa siri. Hawakuwa watu wabaya wala wajinga. Walikuwa hawajakaa meza moja.

Walichokubaliana

Hatukuwaamulia. Tulishika kalamu tu, wao wakabishana. Mazungumzo ya gari yalichukua saa nzima. Fundi alisema watu watamcheka. Mkewe akamjibu, "Wanaokucheka ndio watakaotulipia ada?" Gari likauzwa. Bei iliyopatikana ilimaliza deni la gari, haikubaki hata ya soda. Fundi akarudi kwenye baiskeli, na mtaani ikasemwa kwamba amefilisika. Alivumilia.

Walihamia nyumba ndogo zaidi ya 150,000. Watoto wawili wakubwa walibaki bweni kwa sababu walikuwa karibu na mitihani. Wa tatu alihamishiwa shule ya kutwa, ambako ada, sare na chakula cha mchana vilifika 250,000 kwa muhula. Ni kweli Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997 na ya sekondari mwaka 2007, lakini kila mzazi anajua kwamba daftari, sare na chakula vinarudi mfukoni mwake. Hivyo ada za wote watatu zikawa 1,650,000 kwa muhula, sawa na 412,500 kwa mwezi.

Fundi alikuwa mwanachama wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, lakini mwanachama wa jina. Chama kilimkopesha zile 1,600,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya deni linalobaki. Akawalipa wakopeshaji wote wawili siku moja, akachukua kadi yake. Kwa kulipa 240,000 kila mwezi, deni la chama lilikwisha mwezi wa nane. Zamu ya upatu wa mkewe ilipofika, zile 600,000 zilimaliza deni la duka na ada iliyobaki.

Orodha mpya ikawa hivi:

Akiba, inatoka kwanza: 200,000/=
Chakula: 400,000/=
Kodi ya nyumba: 150,000/=
Ada: 412,500/=
Deni la chama: 240,000/=
Wazazi na ndugu: 150,000/=
Ugonjwa na dharura: 100,000/=
Umeme, maji na makaa: 90,000/=
Starehe: 70,000/=
Michango: 60,000/=
Usafiri: 60,000/=
Simu: 40,000/=

Jumla ni 1,972,500. Zilibaki 27,500. Mtaona kwamba fedha ya wazazi haikuguswa. Mke wa Fundi alisema, "Hao walituuzia ng'ombe tukasoma." Sisi tunaona alisema sawa. Bajeti si kuwakimbia wazee. Mtaona pia kwamba starehe haikufutwa. Mtu aliyefunga kila kitu hufungua kila kitu kwa siku moja.

Tusidanganyane

Hapa lazima tuseme wazi, kwa sababu tunajua waajiri nao husoma gazeti hili. Wapo wanaopenda kusema kwamba mfanyakazi ni maskini kwa sababu hajui kupanga matumizi. Huo ni uongo kwa walio wengi kati yetu. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo, ambaye wakati wa kiangazi majani hayapo na kilo hazitoshi, hana cha kupanga. Daftari lake litaonyesha jambo moja tu, nalo ni kwamba mshahara hautoshi. Hata hivyo aliandike, kwa maana daftari la matumizi ni silaha ya mazungumzo. Tunapokaa na mwajiri tukiwa na hesabu za unga, sabuni na ada za nyumba ishirini, hawezi kutuambia tunakisia.

Lakini kwa mwenzetu anayepata kiasi cha kutosha, kisha fedha ikaliwa kabla haijafika, nyongeza peke yake haitamwokoa. Fundi alipata nyongeza mara mbili kabla ya siku ile, na kila mara alikopa zaidi kwa sababu mkopeshaji aliona mshahara umepanda.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Kwanza, mume na mke waonyeshane hati za mshahara. Pili, gharama zote za mwaka zigawanywe kwa kumi na mbili. Tatu, malipo ya saa za ziada yasiingie katika hesabu ya kila siku. Yakija yaende kwenye deni au akiba, kwa sababu kesho hayapo. Nne, makato yawe na mpaka. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara. Hata pale ambapo fedha hailipwi kupitia kwa mwajiri bali kwa wakopeshaji au simu, jiwekee mpaka huo wewe mwenyewe: theluthi moja isiguswe na mdai yeyote.

Tano, tazameni akiba yenu ya uzeeni. Nchini Uganda mfanyakazi anakatwa asilimia 5 kwa NSSF, na mwajiri anaongeza asilimia 10. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, kila mwajiri lazima achangie, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Ombeni taarifa ya akaunti mwone kama fedha imefika kweli. Sheria hiyo pia inamruhusu mwanachama mwenye miaka 45 aliyechangia kwa miaka kumi kuchukua mpaka asilimia 20 ya akiba yake. Ni haki yenu. Lakini ikichukuliwa kwa kununua gari la kuonyesha majirani, basi ni uzee unaoliwa mapema.

Mwaka uliofuata tulirudi katika tawi lile kwa mkutano wa madai mengine. Akiba ya nyumba ya Fundi ilikuwa imepita milioni mbili, yaani mshahara wao wote wa mwezi mmoja umekaa pembeni ukisubiri. Mwenyekiti alipouliza nani atakwenda mezani kwa niaba ya mitambo, Fundi alisimama kabla hajatajwa. Madai yote hatukuyapata, tulipata sehemu. Lakini meneja alipomwambia kwamba mtu mwenye familia anapaswa kufikiri sana kabla ya kugoma, Fundi alimjibu kwa adabu, "Tumefikiri, bwana. Tumeandika na kwenye daftari."

Ndugu wafanyakazi, nunueni daftari.