Kwa nini Nyamitaba haina ngazi za mpunga

Mwezi wa 8 mwaka 2022 niliongoza wanafunzi tisa kutoka Goma kwa matembezi ya siku moja Nyamitaba. Walikuja kwa pikipiki kwa njia ya Sake na Kitchanga, vumbi mpaka ndani ya masikio. Mmoja alikuwa na picha kwenye simu: ngazi za mpunga za Banaue, kule Ufilipino, maji yanang'aa kama kioo. Akauliza, "Enjenia, za kwenu ziko wapi?"

Nilicheka, lakini swali ni zuri.

Kuhusu mpunga wenyewe jibu ni fupi. Mpunga unalimwa kule chini Walikale, kwenye joto. Nyamitaba iko juu, ni ukungu na koti. Mpunga ukipigwa na baridi wakati wa kutunga maua, poleni inakufa na masuke yanatoka matupu. Mtasema, mbona Wahani wa Yunnan, kule China, wanaulima milimani? Wao wana majira ya joto ambayo mpunga unayatumia kukomaa. Sisi tuko karibu na ikweta: usiku wetu ni wa baridi Januari mpaka Desemba. Njo maana huku utaona maharagi, mahindi, viazi, na ng'ombe wengi.

Lakini ngazi si mali ya mpunga peke yake. Mlima wowote unaolimwa unaihitaji, maana mvua ya Masisi inashuka na udongo wote. Na si kazi ya kushinda watu. Unachukua miti miwili ya urefu sawa, unaifunga juu, unaweka wa tatu katikati kama herufi A, unaning'iniza jiwe kwa kamba. Kamba ikigusa alama ya katikati, miguu miwili iko usawa mmoja. Unatembea nayo kukata mlima, unapiga vijiti, kisha unachimba mtaro kufuata vijiti. Udongo unautupa upande wa juu. Wakenya wa Machakos waliita hiyo "fanya juu", na jina hilo la Kiswahili limeingia mpaka kwenye vitabu vya Wazungu. Juu ya tuta unapanda setaria au tripsakumu, majani ya ng'ombe. Kila msimu jembe na mvua vinasukuma udongo mpaka kwenye tuta, unabaki pale. Baada ya miaka kadhaa mlima unajitengenezea ngazi wenyewe.

Miaka kadhaa. Hapo njo shida inaanza. Wabelgiji walilazimisha babu zetu kuchimba mitaro hii, na uhuru ulipofika watu wengi waliiacha, kwa sababu ilinuka kiboko. Leo hakuna kiboko, lakini kuna konsesyoni. Tangu sheria ya ardhi ya 1973, ardhi yote ni ya serikali, na mwenye kujua ofisi njo anapata karatasi. Sehemu kubwa ya vilima vya Masisi ni malisho ya watu wanaoishi mjini. Mkulima anakodi kipande kwa msimu mmoja, mara nyingine analipa kwa siku za kazi. Akipanda grevilea, mwenye shamba anakasirika, maana mti ni kama kusema "hapa ni pangu". Sasa nani atachimba mtaro wa miaka kumi kwenye shamba la miezi minne? Ngazi za Banaue zinarithiwa ndani ya familia. Siri yao kubwa naiona hapo, kuliko kwenye maji.

Mchana tulifika kwa Batwa. Nakiri kwamba kwenye programu niliandika "kutembelea kijiji cha Batwa", kama vile mtu anaandika "kutembelea maporomoko". Simu zilitoka haraka. Mzee mmoja akasimama mlangoni: "Munakuja kuangalia nini? Sisi hatuko nyama ya pori."

Niliomba msamaha. Nikamweleza kwamba tunafuata mitaro. Akaonyesha kilima cha mbele, mitaro mizuri, imenyooka.

"Ile yote ni mimi nilichimba na batoto yangu. Majani ni ya ng'ombe ya mwenye shamba."

Mwanafunzi wa sheria akamwambia kwamba tarehe 15 Julai, mwezi uliopita tu, Rais alitia sahihi sheria namba 22/030 ya kulinda Wambilikimo wa asili, na kwamba inawapa haki ya ardhi wanayoimiliki, wanayokaa au wanayoitumia. Mzee akauliza kama ile ya kuchimbia mtu inahesabika kuwa kutumia. Yule wa sheria alinyamaza. Mimi pia.

Simu zilirudi mifukoni. Kisha mzee akaomba ile herufi A yetu, akaiangalia, akasema alama ya kamba iko upande. Tulikuwa tumepima vibaya tangu asubuhi. Akaifungua, akaifunga upya, akaijaribu nyuma ya nyumba yake, kwenye hatua chache za mteremko ambako hakuna mtaro hata mmoja.