Utulivu wa Moyo kwa Msafiri: Mazingatio ya Fiqhi na Historia kutoka Puge

 

Lipo suala ambalo maimamu wetu huulizwa sana siku hizi, na halina mlango wake maalumu katika vitabu vya fiqhi. Kijana husema: "Naswali, nafunga, na riziki naipata japo ni haba, mbona moyo wangu hautulii?" Suala hili haliulizwi Dar es Salaam peke yake. Huulizwa pia Puge, wilayani Nzega, kwenye barabara ya lami itokayo Tabora. Kijana wa hapo analima mpunga au anaendesha bodaboda. Mkononi ana simu, na ndani ya simu ile anaona majumba, magari na harusi za watu asiowajua. Anajipima nao, anajiona si kitu. Kisha simu ile ile inamtangazia mkopo wa haraka wa riba, ule ambao watu wenyewe wameuita "kausha damu". Tumeona ni wajibu kulieleza jambo hili kwa mizani ya sheria na ya historia ya nchi yetu.

Furaha na saada

Wanazuoni wa lugha wanatenganisha baina ya *farah* na *saada*. Farah ni mchangamko wa nafsi inapopata ikipendacho, nao huondoka haraka. Sheria haikuukataza kwa ujumla wake. Inaangalia unafurahia nini. Katika Suratul-Qasas, aya ya 76, watu wa Qaruni walimuonya asijigambe kwa furaha ya mali. Na katika Surat Yunus, aya ya 58, waumini wameamrishwa wafurahie fadhila na rehema za Mola wao, kuwa hizo ni bora kuliko wanavyovikusanya.

Saada ni hali ya kudumu, na kinyume chake ni *shaqaa*, yaani uovu wa hali. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameiandikia kitabu kizima kwa Kifursi, Kimiyaa ya Saada. Naye hakuandika kwa kusikia. Mwaka 488 Hijria (1095) alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, mwenye jina na cheo, na nafsi yake ikadhikika hata ulimi ukashindwa kusomesha. Akaiacha kazi ile, akasafiri kwenda Sham. Anayedhani kuwa umaarufu hutuliza moyo, na azingatie kisa hiki.

Marhala mbili

Wanafunzi wa madhehebu ya Shafi wanajua kwamba swala hupunguzwa katika safari ya marhala mbili au zaidi, na wengi wa waliokadiria kwa vipimo vya leo wamesema ni kilomita 80 na kitu. Kutoka Tabora hadi Puge ni kilomita zipatazo 56. Basi mkazi wa Tabora anayeishia Puge hapunguzi. Lakini aliyekusudia tokea mwanzo kufika Nzega, kilomita zipatazo 115, huyo ni msafiri, na akipumzika Puge anaswali Adhuhuri rakaa mbili. Wote wawili wamekaa chini ya mti mmoja, na hukumu zao ni mbalimbali kwa sababu ya makusudio ya safari.

Hapa pana fundisho la maisha. Katika Hadithi ya Ibn Umar aliyoipokea Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametuusia tuwe duniani kama mgeni au mpita njia. Mwenye kuijua nyumba ya Akhera kuwa ndio mwisho wa safari yake, dhiki ya kituo haimvunji na raha yake haimlevyi. Aliyedhani kituo ndicho mji, kila kikikosekana kitu huona ameangamia.

Waliopita njia hii

Watu wa Unyanyembe wanaijua safari kwa uzito wake. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kaze, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Siku zaidi ya 130. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa takriban frasila mbili, kama kilo 32, wa vitambaa na shanga akienda bara, wa pembe za ndovu akirudi. Na katika njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliotiwa utumwani, na hilo hatulifichi.

Tuwatazame wawili. Wa kwanza ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora. Alipata mali na utawala hadi ndani ya Kongo. Lakini katika vita vya 1892 hadi 1894 himaya ile ikavunjika, mwanawe Sefu akafa mwaka 1893, na yeye akafariki Unguja mwaka 1905. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Sisi tunachokizingatia ni kuwa himaya ile haikumsubiri hata afe. Iliondoka naye angali hai.

Wa pili ni Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Alizaliwa Kongo, akaletwa pwani akiwa mtoto mtumwa. Aliuza samaki, akasoma, akasomesha, hata akawa khalifa wa Qadiriya anayefuatwa na maelfu, na alipofariki mwaka 1931 aliacha wanafunzi na madrasa. Huyu dunia ilimpokonya hata ukoo wake, naye akajenga maisha yenye maana kwa elimu na kwa kuwanufaisha watu. Mtume (S.A.W.) amesema kweli, katika Hadithi waliyoafikiana Bukhari na Muslim, kwamba utajiri si wingi wa vitu, bali ni utajiri wa nafsi.

Yanayompasa muumini na imamu wake

Kwanza, alinde jicho. Katika Suratu Taha, aya ya 131, imekatazwa kuyakodolea macho mapambo waliyopewa wengine. Hukumu hii inaingia ndani ya simu kama inavyoingia sokoni.

Pili, aepuke riba. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na hamu, huzuni na uzito wa deni katika dua moja, na aliyedaiwa anajua kwa nini vimewekwa pamoja. Aliyekwisha ingia, atubu. Na msikiti usiishie kumlaumu: wenye madeni ni fungu mojawapo kati ya manane ya Zaka katika Suratut-Tawba, aya ya 60. Kwa Mashafi, aliyekopa kwa haja ya halali akashindwa kulipa hupewa. Na aliyekopa kwa maasia hupewa akishatubu kweli.

Tatu, atafute riziki. Wapo wanaodhani kukinai ni kukaa kitako. Sivyo. Katika Hadithi aliyoipokea Muslim tumeamrishwa kukipupia chenye manufaa, kumtaka msaada Mwenyezi Mungu na kutolegea. Kukinai ni kazi ya moyo baada ya mikono kufanya yake. Mkulima akinuia kulisha wanawe kwa halali, jembe lake linaandikiwa thawabu.

Nne, asidhaniwe vibaya mwenye huzuni. Nabii Yaakub (A.S.) macho yake yalikuwa meupe kwa huzuni, naye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Mtume wetu (S.A.W.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Huzuni ikizidi hata mtu akakosa usingizi, akaacha kula au akatamani kufa, hayo huwa ni maradhi, na tumeamrishwa kujitibu. Imamu amsomee dua, kisha amsindikize hospitali. Kumwambia tu kuwa imani yake ni dhaifu ni kumwongezea mzigo, na pengine kumsukuma kwenye kujiua, ambako ni haramu kwa ijmai.

Tano, adumu na dhikri, kwani Suratur-Raad, aya ya 28, imebainisha kuwa ndiyo inayotuliza nyoyo. Nayo si ulimi peke yake. Swala ya jamaa, kumtembelea mgonjwa na kumfundisha mtoto alifu na bee ni katika kumkumbuka Mola.

Kijana wa Puge akiyashika haya, huenda nyumba yake ikabaki ya tope na bodaboda yake ikabaki moja. Lakini atajua anatoka wapi na anakwenda wapi, na mtu wa namna hiyo hulala usingizi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe nafsi zilizotulia, riziki ya halali na mwisho mwema. Wabillahi tawfiq.