Mkono kwanza, swali baadaye



Ukipita darajani Korogwe leo baada ya ibada, simama kidogo uutazame Mto Pangani. Maji haya yametoka Kilimanjaro na Meru, na hadi yafike baharini yatakuwa yamesafiri karibu kilomita 500. Ndugu zetu wa Handeni, wanaoujua vizuri ukame, wanaletewa maji ya mto huu kwa bomba kutoka upande wa Korogwe. Hapo mjini mto unaonekana mpole. Lakini ukishuka nao hadi Hale utakuta maporomoko ambayo nguvu yake ilianza kuzalisha umeme mwaka 1964. Mto ni uleule.

Siku hizi wapo vijana wanaopenda kwenda na marafiki kupiga makafi mtoni au ziwani kwa burudani. Wengine hutumia mtumbwi wa kawaida. Wengine hutumia kayaki, yaani mtumbwi mwembamba, mara nyingi wa kukaa mtu mmoja, ambao kafi lake lina bapa pande zote mbili. Wapo wanaosafiri hadi Jinja, Uganda, kujifunza kwenye maji ya Nile. Hapa kwetu wageni hupiga makafi katika Ziwa Duluti, karibu na Arusha. Mto Pangani una mamba na viboko, kwa hiyo asiingie mtu bila mwenyeji anayeujua.

Ungedhani kwamba somo la kwanza la mchezo huu ni namna ya kwenda mbele. Mwalimu makini huanza na kupinduka. Huwapeleka wanafunzi penye maji yaliyotulia, wakiwa wamevaa jaketi okozi, kisha humtaka kila mmoja apinduke, atoke ndani ya mtumbwi, aibuke na kuushika. Anajua kwamba kila anayejifunza atapinduka siku moja, hata yule mwenye mikono yenye nguvu kuliko wote.

Somo linalofuata ni la marafiki: mwenzenu akipinduka mtafanya nini? Utaratibu wake ni huu. Kwanza mtu, halafu mtumbwi, halafu vifaa. Kafi likichukuliwa na maji, liache liende, litatafutwa baadaye. Mwenzake husogea karibu, huumwaga maji mtumbwi uliopinduka, huuweka sambamba na wa kwake na kuushika kwa nguvu. Mitumbwi miwili iliyoshikana haiyumbi kirahisi kama mmoja. Hapo aliyeanguka hupanda tena.

Lakini mwokoaji naye hufundishwa kujilinda. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Mwenye hofu anaweza kukushika vibaya akakuzamisha pamoja naye. Kwa hiyo unasogea ukimwangalia yeye na kujiangalia mwenyewe pia, na unazungumza naye kwa utulivu ili hofu imtoke.

Ndugu msomaji, sasa fungua Wagalatia 6:1. Mtume Paulo anasema mtu akikamatwa katika kosa, ninyi mlio wa Roho mrudisheni kwa upole, kila mmoja akijiangalia asije naye akajaribiwa. Neno la Kigiriki alilotumia Paulo kwa kumrudisha mtu huyo ndilo lililotumika katika Marko 1:19, pale Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni wakitengeneza nyavu zao. Mvuvi hautupi wavu kwa sababu umechanika. Anaukalisha mapajani, anatafuta tundu lilipo, anaushona ili kesho urudi majini.

Je, sisi makanisani tunafanya hivyo? Tunawafundisha watu kuimba, kuomba na kutoa. Mara nyingi hatuwafundishi cha kufanya mwenzao akianguka. Binti wa kwaya akipata ujauzito, joho linarudishwa kabla hajaulizwa amekula nini. Baba aliyeacha pombe akionekana tena kilabuni, habari zinafika kanisani Jumapili kabla yeye hajafika. Mweka hazina wa kikundi akishindwa kutoa hesabu, watu hukumbuka sana fedha, na hakuna anayeuliza kama anapata usingizi. Tunakimbilia kafi, na mtu bado yumo majini.

Sisemi dhambi ifichwe. Mtumbwi uliojaa maji hausafiri. Lazima maji yamwagwe. Fedha zilizopotea zitafutwe na kulipwa, na huenda yule ndugu asikabidhiwe tena ufunguo wa sanduku. Nidhamu ya kanisa ina mahali pake. Lakini nidhamu isiyo na mtu wa kukaa karibu na aliyeanguka ni kumwacha achukuliwe na maji. Naye akichukuliwa hapa penye utulivu, huko mbele yapo maporomoko: msongo, ulevi mzito zaidi, hata kutaka kujidhuru.

Mwangalie Petro katika Mathayo 14. Alitoka chomboni kwa ujasiri, akaona upepo, akaanza kuzama, akapiga kelele. Yesu alikuwa na swali kwa ajili yake kuhusu imani yake, na lilikuwa swali zito. Lakini angalia mpangilio wa aya ya 31. Mkono ulinyoshwa mara moja, akamshika, kisha swali likafuata. Petro aliulizwa akiwa tayari ameshikwa. Baada ya hapo wakapanda chomboni wote wawili, na upepo ukakoma.

Sisi tumeupindua mpangilio huo. Tunaanza na swali, tena mbele ya watu, na mkono tunausubirisha hadi majibu yaturidhishe.

Basi leo, kabla hujatoka kanisani, tazama benchi lako. Nani hayupo, na unajua kwa nini hayupo? Usimtume mzee wa kanisa, wala usiandike ujumbe kwenye kundi la simu. Nenda mwenyewe, au nenda na mwenzako mmoja mnayeaminiana, maana wawili huyumba kidogo kuliko mmoja. Piga hodi, kaa, pokea maji ya kunywa. Usianze na kosa. Mwambie tu kwamba nafasi yake ipo na kwamba umekuja kumwona. Yale mazungumzo magumu yatakuja, na atayaweza kwa sababu ameshikwa.

Na kama wewe ndiye uliyeanguka, usikubali uongo wa kwamba umefika mwisho. Paza sauti kama Petro. Ombi lake lilikuwa fupi sana, na lilitosha.

Bwana atupe mikono ya haraka na ndimi za upole. Jumapili njema.