Kifaa cha Redio Kinaponyamaza: Hatua za Kuchunguza Kabla ya Kukitupa



Vifaa vidogo vinavyotuma taarifa kwa mawimbi ya redio vimeanza kuzoeleka hata mbali na miji mikubwa. Kimoja hupima kina cha maji kwenye tangi, kingine hupima mvua shambani, kingine hutoa mlio mlango wa ghala unapofunguliwa. Baadhi hununuliwa vikiwa tayari. Vingine huundwa na mafundi na wanafunzi kwa vipuri vya madukani. Ndani ya kila kimoja huwamo sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo sana inayosoma kipimo na kuamua la kufanya. Ya pili ni moduli ya redio, inayorusha taarifa hiyo hewani hadi kwenye kipokeaji.

Mara nyingi kifaa kilichofanya kazi vizuri mezani kwa fundi hunyamaza kikifika mahali pake. Mwenye kifaa huhitimisha kwamba kimeharibika, akanunua kingine, nacho kikanyamaza vilevile. Katika makala haya tunaeleza namna ya kutafuta chanzo cha ukimya huo. Mifano yetu tumeichukua katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambako milima na mabonde huyapa mawimbi ya redio mtihani mgumu.

Anza mezani, badili jambo moja kwa wakati

Rudisha kitumaji na kipokeaji mezani, uviweke umbali wa mita moja au mbili. Vikiwasiliana hapo, moduli zinafanya kazi, na tatizo litafutwe kwenye umeme wa kule kifaa kilikofungwa, antena, umbali au vizuizi. Visipowasiliana, tatizo limo ndani ya vifaa vyenyewe, na hakuna haja ya kupanda paa. Katika hatua zote badili jambo moja tu, kisha jaribu. Anayebadili betri, waya na antena kwa mkupuo mmoja hawezi kujua kilichoponya wala kilichougua.

Hatua ya kwanza: umeme

Moduli nyingi za redio hutumia volti 3.3, ilhali mabao mengi ya maikrokontrola hutoa pia volti 5. Kuiunganisha moduli ya volti 3.3 kwenye volti 5 kunaweza kuiunguza mara moja. Soma maelezo ya moduli yako kabla ya kuunganisha chochote.

Volti sahihi peke yake haitoshi. Redio hutumia umeme kidogo inaposikiliza, lakini inaporusha huhitaji umeme mwingi kwa kitambo kifupi. Moduli zinazotumia laini ya simu huweza kuhitaji hadi ampea 2 kwa kitambo hicho, wakati tundu la volti 3.3 la baadhi ya mabao hutoa miliampea 50 tu. Matokeo yake ni kwamba volti hushuka ghafla, moduli huzimika na kuwaka upya, na taarifa haifiki. Dalili ni kifaa kinachoonekana kizima hadi pale kinapojaribu kutuma. Tiba ni chanzo cha umeme chenye nguvu ya kutosha, pamoja na kapasita ya takribani mikrofaradi 10 au zaidi iliyofungwa karibu kabisa na moduli. Kwa kifaa kinachotumia sola, pima betri alfajiri. Usiku wa baridi, kama ule wa nyanda za juu za Mbulu, hupunguza uwezo wa betri, na kifaa kilicho kizima saa sita mchana huenda kikawa kimekufa saa kumi na moja alfajiri.

Hatua ya pili: nyaya

Hakikisha waya wa GND wa moduli umeunganishwa na GND ya maikrokontrola, hata kama kila kimoja kina betri yake. Bila njia hiyo ya pamoja, sehemu hizo mbili haziwezi kuelewana. Kwa moduli zenye alama za TX na RX, nyaya hupishana: TX ya upande mmoja huingia RX ya upande wa pili, kwa kuwa anayesema hupaswa kuelekea kwenye sikio la mwenziwe. Vuta kila waya taratibu. Waya uliolegea huweza kushika mezani, kisha ukaachia baada ya safari ya pikipiki kutoka Haydom hadi shambani.

Hatua ya tatu: makubaliano ya pande mbili

Kitumaji na kipokeaji lazima vitumie masafa yaleyale, chaneli ileile, kasi ileile ya data na anwani ileile. Tofauti katika kimojawapo inatosha kuleta ukimya kamili, ingawa kila kifaa ni kizima. Mipangilio hii imo ndani ya programu. Mwombe fundi akuandikie kwenye karatasi, uitunze pamoja na risiti.

Hatua ya nne: antena na mahali

Urefu wa antena hufuata masafa. Antena ya waya ulionyooka huwa na urefu wa takribani sentimita 17 kwa megahezi 433, na takribani sentimita 3 kwa gigahezi 2.4. Antena ya masafa mengine inaweza kuingia vizuri kwenye tundu lakini isifanye kazi yake. Usiwashe kitumaji bila antena, kwani unaweza kukiharibu. Funga maungio vizuri ili maji ya mvua yasipenye.

Kisha tazama njia. Mabati huzuia mawimbi, hivyo kifaa kilichofungwa ndani ya sanduku la chuma au chini ya paa la bati husikika kwa shida. Tangi lililojaa maji na miti yenye majani mabichi hudhoofisha mawimbi, hasa ya gigahezi 2.4. Mlima huzuia zaidi ya vyote. Mlima Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400. Kifaa kilicho upande wake wa kaskazini hakiwezi kutarajiwa kusikika moja kwa moja mjini Katesh, ulio kusini. Suluhisho ni kuinua antena, kusogeza kifaa mahali panapoonana na kipokeaji, au kuweka kituo cha kati cha kupokezana.

Usiongeze nguvu kiholela

Wapo wanaoshawishika kufunga kikuza mawimbi ili kuvuka kilima. Tunawaomba wasifanye hivyo. Masafa ya redio ni rasilimali ya pamoja yenye ukomo, na matumizi yake nchini yanasimamiwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Nguvu inayozidi kiwango, au masafa yasiyoruhusiwa, huweza kuvuruga mawasiliano ya wengine, yakiwemo ya dharura. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kifaa kinatumia masafa gani na kama kimeidhinishwa. Dai risiti na maelezo ya matumizi. Kifaa kikiwa na kasoro, anza kwa muuzaji. Usiporidhika, lifikishe lalamiko lako kwenye mamlaka husika ukiwa na risiti hiyo.

Ukimya si habari njema

Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwemo Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tangu hapo, mwenye kipima mvua au kipima maji mlimani ana sababu ya kukitazama kwa macho mengine.

Kifaa kilichopangwa kutuma taarifa pale tu kunapokuwa na hatari kina udhaifu mkubwa: kikinyamaza, huwezi kujua kama hali ni shwari au kama betri imekwisha. Kwa hiyo mtake fundi akipange kitume ishara fupi ya "nipo" kwa vipindi maalumu, kwa mfano kila baada ya dakika 10, na kipokeaji kitoe mlio ishara hiyo isipofika. Kijaribu kabla ya masika na kabla ya vuli, tena kikiwa mahali pake.

Hata kikifanya kazi barabara, kifaa cha nyumbani hakichukui nafasi ya tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania wala maelekezo ya viongozi wa eneo lako. Mvua ikizidi na kipokeaji kikawa kimya, usisubiri kukitengeneza. Hamisha familia kwanza. Kifaa utakichunguza kukipambazuka.