Majani ya Kando ya Barabara

Wengi wetu huku Jorodom tumepita barabara ya lami ya Babati hadi Singida. Tukikaa dirishani tunatazama mashamba na ng'ombe za watu. Majani ya kando ya barabara hatuyatazami. Ati ni majani tu! Lakini mfugaji anayetaka kupanda malisho ayatazame vizuri.

Tuanzie Mbulu. Huko ni juu na kuna baridi. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa digrii kama 6. Jua halikaushi udongo upesi, basi majani ya kikuyu hustawi na kufunika ardhi kama mkeka. Tukiteremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Dareda, joto linaongezeka na kikuyu inatuaga.

Tukipita Endasak na Nangwa tunauzunguka mlima Hanang, wenye mita zaidi ya 3,400. Upepo wenye mvua hutoka baharini, yaani mashariki. Ukigonga mlima hupanda juu, hupoa, na mvua hunyesha. Ukifika ng'ambo ya pili maji yamekwisha pungua. Ndiyo sababu upande wa mashariki majani ni marefu na mazito. Ukiacha Katesh kuelekea Singida, utaona migunga na majani ya mafungumafungu, na udongo mtupu katikati.

Sasa kuna jambo linalotudanganya. Lami hainywi maji. Mvua ikinyesha, maji yote hukimbilia mtaroni. Kwa hiyo majani ya mtaroni hupata mvua yao wenyewe na mvua ya barabara pia! Wakati wa kiangazi yatakuwa kijani bado, na hatua 20 tu kutoka hapo malisho yamekauka kabisa.

Mtu akiona hivyo husema, "Hii ndiyo mbegu." Anang'oa, anabeba, anapanda kwake. Mvua zikikatika, majani yanadumaa, na kazi yote imepotea. Amechukua majani, maji ameyaacha barabarani.

Basi mbegu tuitafute mbali na mtaro, katika malisho ya upande wetu wa mlima. Tungoje kiangazi kikali, tuweke alama penye majani ambayo ng'ombe huyapenda na mizizi yake haikufa. Mvua zikirudi yakatoa masuke, tuchume hapo.

Na yale ya mtaroni tusiyang'oe. Yanashika udongo usichukuliwe na maji.